Barua ya wazi kwa Baraza la Chuo Kikuu cha Virginia: mlijenga kwa fedha ambayo haikuwapo

Kwa Mheshimiwa Thomas Jefferson, Mkuu wa Baraza,
na Waheshimiwa Wajumbe James Madison, Joseph Cabell, John Hartwell Cocke, Chapman Johnson, James Breckinridge na Robert Taylor,
Chuo Kikuu cha Virginia,
Charlottesville, Marekani.

YAH: MATUMIZI YA FEDHA ZA UJENZI WA CHUO, 1817 HADI 1826

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Nilitumika katika ofisi ya bursa ya chuo kimoja kilichokuwa kichanga wakati huo, hapa Afrika Mashariki, ambacho sitakitaja kwa sababu hata waliokosea ndani yake wana watoto watakaoisoma barua hii. Niliandika dokezo la kwanza kueleza kwamba fedha ya tahadhari ya wanafunzi ilikuwa imetumika kununulia vigae vya ukumbi. Likarudi na neno moja pembeni, “Imeonwa”. Nikaandika la pili, likalala kwenye jalada. Baada ya la tatu niliitwa ofisini kwa mjumbe mmoja wa Baraza letu, naye akanionyesha picha iliyotundikwa ukutani nyuma ya kiti chake: jengo la matofali mekundu lenye nguzo nyeupe na kuba, na mbele yake uwanja mrefu wa majani. “Huyu mzee,” aliniambia, “alijenga kwanza, fedha zikamfuata. Nina hakika wahasibu wake nao walilalamika. Nani anawakumbuka leo?”

Mzee huyo ni wewe, Mheshimiwa Jefferson, na jengo hilo ni Rotunda yenu. Kwa kuwa wakubwa wangu wanasema somo hilo walilitoa kwenu, nimeona ni haki nipande ngazi moja juu yao na kuwaandikia ninyi wenyewe, tena hadharani, maana njia ya jalada imekwisha kunishinda.

Sijasahau kwamba nyote ni marehemu, na kwamba wewe, Mheshimiwa Mkuu wa Baraza, uliiaga dunia tarehe 4 Julai 1826 kuba likiwa bado halijakamilika. Leja zenu, hata hivyo, ziko hai. Zinasomeka, zimehifadhiwa vizuri kuliko za ofisi nyingi nilizowahi kuzikagua, na kila mwaka kuna mtu mahali fulani anayezitumia kama ruhusa. Mliitwa Baraza la Wageni, jina ambalo kwa kweli lilimaanisha wasimamizi wanaokuja kukagua. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Ninyi mlipewa daftari, na ni juu ya daftari hilo ninaloandikia.

Kabla sijaeleza malalamiko yangu, niseme wazi kwamba sidai kuna aliyeiba. Hesabu za mtunza fedha wenu, Alexander Garrett, ziliambatishwa kwenye taarifa mlizopeleka kwa wakubwa wa Mfuko wa Elimu wa jimbo, na msimamizi wenu wa ujenzi, Arthur Brockenbrough, aliweka kumbukumbu ambazo mkaguzi yeyote angezishukuru. Chuo kilifunguliwa tarehe 7 Machi 1825 na bado kipo. Lalamiko langu ni kubwa kuliko wizi mdogo, na ni gumu zaidi kulipitisha kwenye kikao: mlitumia fedha kabla haijafika, na hatari ya kutofika kwake mkawatwisha watu ambao hamkuwauliza.

1. Ahadi za michango zilihesabiwa kana kwamba ni fedha mkononi.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 6 Oktoba 1817, chuo kikiwa bado kinaitwa Central College, nanyi marais watatu wa Marekani mkiwa mmesimama hapo: wewe na Madison, mlioondoka madarakani, na Monroe aliyekuwa Rais siku hiyo. Chini ya jiwe hilo, kwa maana ya kifedha, kulikuwa na orodha ya wachangiaji. Wewe ulijiandikia dola 1,000, wenzako kadhaa wakajiandikia 1,000 kila mmoja, na ahadi zote hatimaye zikafika yapata dola 44,000, za kulipwa kwa awamu nne, mwaka hadi mwaka. Kulikuwa pia na kiasi kidogo kilichotokana na mauzo ya mashamba yaliyokuwa ya kanisa la zamani la serikali.

Msomaji wa Kiswahili anaijua vizuri kadi ya ahadi. Amekaa kwenye vikao vya harusi, ameona mkono unavyoandika haraka kuliko mfuko unavyoruhusu, na anajua kwamba mweka hazina mwenye akili hukodi ukumbi kwa fedha iliyoingia. Ninyi mlikodi ukumbi, ngoma na wapishi kwa kadi. Mliingia mikataba na mafundi kipindi ambacho benki zilikuwa zikimwaga noti na bei ya kila kitu iko juu. Halafu ukaja mtikisiko wa fedha wa mwaka 1819, bei za mazao zikaanguka, ardhi ikakosa wanunuzi, na wachangiaji mliotegemea walipe kutokana na mavuno wakawa wao wenyewe wanakimbizana na wadai. Awamu nne ziliisha huku maelfu ya dola yakiwa bado karatasini.

Linalonishangaza ni kwamba wewe, Mheshimiwa Jefferson, uliujua uzito wa karatasi kwa ngozi yako mwenyewe. Mwaka 1818 ulimdhamini rafiki yako Wilson Cary Nicholas kwa dola 20,000. Mwaka uliofuata akafilisika, na riba ya dola 1,200 kwa mwaka ikakuangukia wewe mpaka kufa kwako. Mtu aliyechomwa na saini moja namna hiyo angetarajiwa kuziogopa saini mia.

2. Makisio yalitolewa vipande vipande, na kila kipande kilionekana kidogo.

Mpango wenu ulikuwa na nyumba 10 za maprofesa, kila moja ikiwa na darasa ndani yake, mabwalo 6 ya chakula, vyumba zaidi ya 100 vya wanafunzi, na kichwani mwa uwanja jengo la kuba lililochorwa kwa kipimo cha nusu ya Pantheon, hekalu la kale la Roma. Ni mpango mzuri. Nimeutazama sana, na nakiri kwamba hata mimi, niliyezoea kuona majengo kama mafungu ya bajeti, moyo wangu ulilegea. Lakini kuna ushahidi gani kwamba mbunge yeyote kule Richmond, mji mkuu wa jimbo lenu, aliwahi kuwekewa mezani, siku ya kwanza, karatasi moja yenye jumla ya vyote hivyo, pamoja na kinachobaki pembeni iwapo bei zitapanda? Jengo la kuba mlilikisia dola 46,847. Angalieni hizo 47 za mwisho. Katika miaka yangu ya kazi nimejifunza kuiogopa tarakimu inayojifanya inajua mpaka dola saba, kwa sababu aghalabu ndiyo inayoficha elfu kumi.

Nitaeleza jambo moja kwa ukaribu, maana hapo ndipo hesabu zenu zinapoonyesha tabia yake. Mlitaka vichwa vya nguzo vilivyochongwa kwa mtindo wa Kirumi. Mwaka 1819 mkawaleta kutoka Italia ndugu wawili wachongaji, Giacomo na Michele Raggi, mkiwalipia safari na kuwapa mkataba, ili wachonge mawe ya machimbo ya jirani. Wakafika, wakajaribu patasi. Jiwe la Virginia likakataa. Halikufaa kwa majani yale membamba ya mapambo. Basi vichwa vikaagizwa vimechongwa tayari kwa marumaru ya Carrara, hukohuko Italia, vikavuka bahari hadi kwenu. Hivyo mlilipa nauli ya kuwaleta wachongaji kwenye jiwe, kisha mkalipa nauli ya kuleta jiwe lililochongwa na wengine. Siku moja ya kumpa fundi yeyote wa kwenu kipande cha mwamba ule na patasi ingetosha kuwaambia mapema.

Na mapaa. Mjumbe mwenzako, John Hartwell Cocke, aliyekuwa nawe kwenye kamati ya watu wawili ya kusimamia ujenzi, aliyapinga mapaa bapa uliyoyapenda juu ya vyumba vya wanafunzi. Alikuwa mkulima na mjenzi, akijua maji yanavyosafiri. Hakusikilizwa. Mapaa yakavuja, na baadaye ikabidi yafunikwe kwa mapaa ya mteremko, gharama juu ya gharama. Nilipokuwa nasoma habari hiyo nilikumbuka masika ya kwanza katika ukumbi wetu mpya, ndoo tatu za plastiki zikiwa zimepangwa juu ya vile vigae vilivyonunuliwa kwa fedha ya tahadhari, na mhudumu akizimwaga kila nusu saa. Fundi wetu mkuu naye alikuwa ameandika barua kuhusu paa hilo. Naye aliambiwa imeonwa.

Sitakawia juu ya Dk. Thomas Cooper, mliyempa kazi kabla hakujawa na darasa wala mwanafunzi, watu wa dini wakampinga, na mkaachana naye kwa fidia ya dola 1,500. Huo ulikuja kuwa mshahara wa mwaka mzima wa profesa, nanyi mliulipa kwa mtu ambaye hakuwafundisha hata saa moja.

3. Mkopo mliuchukua katika mfuko wa watoto maskini.

Hili ndilo jambo lililonifanya niandike, na ninaomba mlisome taratibu.

Mfuko wa Elimu wa jimbo la Virginia uliundwa mwaka 1810. Ulikuwa unakusanya faini, mali zilizotaifishwa na mali za marehemu wasio na warithi, na makusudio yake yalikuwa kuwasomesha watoto wa maskini. Kutoka katika mfuko huo chuo chenu, kilipopata hati ya kuwa chuo kikuu cha jimbo tarehe 25 Januari 1819, kilipewa ruzuku ya dola 15,000 kila mwaka. Hadi hapo sina neno. Lakini ruzuku haikutosha kwa mpango uliokwisha kuchorwa, na michango haikuingia, kwa hiyo mkaomba ruhusa ya kukopa: dola 60,000 mwaka 1820, dola 60,000 nyingine mwaka 1821, na dola 60,000 za tatu mwaka 1823. Jumla dola 180,000. Mkopeshaji alikuwa Mfuko uleule.

Hesabu yake inafanyika kwenye kiganja. Riba ya asilimia 6 juu ya dola 180,000 ni dola 10,800 kwa mwaka. Ukiitoa katika ruzuku ya 15,000 inabaki 4,200, na hapo hujamlipa msimamizi, hujarudisha shilingi ya deni lenyewe, hujamwajiri mwalimu hata mmoja. Maprofesa 8 kwa dola 1,500 kila mmoja ni dola 12,000. Kwa maneno mengine, mlijenga chuo ambacho, kwa hesabu zake chenyewe, kisingeweza kufunguliwa mpaka mtu mwingine alibebe deni. Na nyote mliijua hesabu hii, maana Madison hakuwa mtu wa kushindwa na kutoa na kujumlisha.

Mliyemtarajia alibebe alikuwa Bunge la jimbo. Mheshimiwa Cabell, uliyekuwa seneta na mtetezi wa chuo kule Richmond, ulimwandikia Mkuu wako mara kwa mara ukimweleza kwamba wabunge wananung'unikia gharama, kwamba wanauliza kwa nini majengo yawe ya fahari kiasi hiki. Barua zako zilikuwa za faraghani, na kwa heshima zote naona hilo ndilo kosa lako pekee. Mkakati wa Monticello, nyumbani kwa Mkuu wako, ulibaki uleule: jengeni vyote, msifungue chochote, kwa sababu chuo kikifunguliwa nusu nusu, mishahara itakula ruzuku na jengo la kuba halitainuka kamwe, na jengo likishasimama bila paa, ni mbunge gani atakayethubutu kuliacha linyeshewe? Januari 1824 Bunge likanyosha mikono, likakiondolea chuo mzigo wa deni hilo. Fedha zikawa zimemfuata mzee, kama mjumbe wetu alivyosema. Hakusema zilitoka mfukoni mwa nani.

Nami nayatafuta majibu katika maneno yako mwenyewe, Mheshimiwa Jefferson. Januari 1823 ulimwandikia Cabell kwamba kama ingelazimu kuachana na kimoja, shule za msingi au chuo kikuu, ungependelea kukiacha chuo kikuu, kwa kuwa ni salama zaidi watu wote kuwa na elimu ya kiasi kuliko wachache kuwa na elimu ya juu na wengi kubaki gizani. Niliposoma maneno hayo nilisimama kwa muda. Sijui mtu mwingine wa zama zako aliyeliweka jambo hilo kwa uaminifu zaidi. Mwezi uliofuata, Februari 1823, mkopo wa tatu ukapitishwa, kutoka kwenye mfuko ule wa watoto, ili kuinua kuba.

4. Waliofanya kazi hawakuwa wahusika wa mkataba.

Katika leja zenu kuna fungu la kukodi nguvu kazi. Waliokodishwa ni watu waliokuwa watumwa. Kodi ililipwa kwa mabwana zao, mara nyingi kwa mwaka mzima. Ndio waliosawazisha ule uwanja kwa majembe mpaka ukawa ngazi ngazi zinazopendeza machoni, waliokanyaga udongo na kuchoma matofali, waliobeba mbao na mawe. Katika vocha wanatokea kwa jina moja, au kwa idadi, karibu na misumari na chokaa.

Nitamtaja mmoja, kwa sababu jina lake na bei yake vimeandikwa. Thrimston Hern alikuwa mchonga mawe, mtumwa wako huko Monticello. Ulipokufa ukiwa na madeni yanayozidi dola 100,000, warithi wako waliitisha mnada Januari 1827, na watu 130 wa Monticello wakapangwa kuuzwa. Mwaka huo Brockenbrough, msimamizi wa chuo chenu, alimnunua Hern kwa dola 600, naye akafanya kazi ya mawe kwenye ngazi za Rotunda. Kwenye makisio ya dola 46,847, Mheshimiwa, yeye yupo kwenye mstari upi?

Nawapa haki waliowafuata: chuo chenu leo kina mnara wa kumbukumbu uliokamilika mwaka 2020 kwa ajili ya watu wapatao 4,000 waliotumikishwa hapo hadi 1865, na wengi wao, kwa kuwa majina yalipotea, wamewekewa alama tu kwenye jiwe. Alama hizo ni hoja ya ukaguzi ambayo haitapata jibu kamwe, kwa sababu vocha haikuandikwa kikamilifu siku ya malipo.

5. Muuzaji wa ardhi na mjenzi walikuwa mtu mmoja.

John Perry aliwauzia ardhi mwaka 1817, na Perry huyohuyo akapewa kazi ya ujenzi. Naliandika tu ili lisiachwe. Kwetu kuna sheria ya manunuzi kwa ajili ya jambo hili, na kwetu pia haizuii sana.

Sasa natarajia majibu yenu, maana nimekwisha kuyasikia kwa midomo ya wengine.

Mtasema kwamba bila fahari ile maprofesa wasingekuja. Ulimwambia Cabell jambo hilo Desemba 1822: mngejenga banda na vibanda vya magogo, msingethubutu kumwita mwalimu wa daraja la kwanza kutoka Ulaya aje kukaa humo. Ni hoja nzito, na kwa kiasi fulani matokeo yaliitetea, kwa kuwa mwaka 1824 mlimtuma Francis Walker Gilmer Uingereza akawapatia walimu kama George Long, Thomas Hewett Key na Robley Dunglison. Lakini walimu hao walikuja kwa mshahara, ada za wanafunzi na nyumba ya bure. Sijaona barua ya yeyote kati yao anayeuliza vichwa vya nguzo vimechongwa wapi.

Mtasema hakuna aliyeuona mtikisiko wa 1819 ukija. Ni kweli. Ndiyo maana watu huweka akiba ya dharura kwenye bajeti, na ndiyo maana baada ya 1819, ambapo sasa kila mtu alikuwa ameuona, mkopo wa kwanza ungeweza kuwa wa mwisho.

Mtasema vyuo vyote vichanga vya nchi yenu vilianza kwa shida, na mtanitajia Harvard, iliyoahidiwa pauni 400 mwaka 1636 na kumfukuza mwalimu wake mkuu wa kwanza, Nathaniel Eaton, mwaka 1639. Sina ugomvi na hilo. Shida si kosa la uhasibu. Kuifanya shida kuwa mbinu ndilo kosa.

Na mtasema, hili nalisikia zaidi, kwamba jengo lipo na walalamikaji hawapo. Naam. Lakini hebu tuangalie lilivyokuwa lipo kwa mwanafunzi wa 1825. Ada ya masomo matatu dola 75, chakula 100, chumba 8 kwa atakayegawana na mwenzake, na 15 za kutumia majengo ya chuo: karibu dola 200 kabla hajanunua kitabu wala mshumaa. Mtoto wa maskini wa Virginia, ambaye mfuko wake uliinua kuba, alikuwa na uwezo wa kuliona akiwa barabarani.

Nina jambo moja la kusema juu yako binafsi, Mheshimiwa Mkuu wa Baraza, na nalisema kwa mapenzi ya mtu wa fani. Kuanzia mwaka 1767 hadi siku zako za mwisho uliandika katika daftari zako ndogo kila ulichotoa: nauli ya kivuko, bei ya mishumaa, senti ulizompa mtumishi wa nyumba ya wageni. Mkono safi, tarehe zimepangwa. Lakini hukuzoea kufunga hesabu. Ukurasa unajaa, unafungua mwingine, na hakuna mahali ambapo unapiga mstari na kuandika bakaa. Mtu anaweza kuandika matumizi yake yote kwa miaka karibu 60 na asijue kwamba amefilisika. Chuo chako kiliendeshwa hivyo, na mwanafunzi wako wa ofisi yenye picha ukutani anaendesha cha kwetu hivyo.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo.

Mosi, kila taarifa ya ujenzi wa chuo kichanga iwe na safu mbili zisizochanganywa, fedha iliyoahidiwa na fedha iliyoingia, na hakuna fundi atakayesainiwa mkataba kwa safu ya kwanza. Safu ya tatu, kama itakubalika, ionyeshe mkopo na riba yake hadi mwaka wa mwisho, pamoja na jina la kundi ambalo mfuko wake umekopwa.

Pili, anayepinga ndani ya Baraza, kama Cocke alivyopinga mapaa na Cabell alivyoonya juu ya gharama, maneno yake yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao badala ya kubaki kwenye barua za marafiki.

Tatu, mlipwaji wa mwisho awe wa kwanza. Katika chuo chetu mafundi walikuwa wakikaa kwenye benchi nje ya dirisha langu kila Jumamosi. Mmoja wao, mwashi, aliweka kitabu chake cha mahudhurio ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu, na kila wiki alikifungua, akanionyesha siku alizofanya kazi, akakikunja tena na kukirudisha kifuani. Alifanya hivyo kwa wiki kumi na moja. Nilikuwa na ahadi nyingi ndani ya kabati, zenye mihuri, na hakuna hata moja niliyoweza kumpa.

Nne, na hili ni kwa ajili yangu, naomba kibali chenu kilichotumika kunifungia jalada kiondolewe. Siombi picha ishushwe. Ni picha nzuri. Naomba chini yake, kwa saizi ileile ya fremu, itundikwe karatasi yenye maneno haya tu: ahadi, dola 44,000, makisio ya kuba, dola 46,847, mkopo kutoka mfuko wa watoto maskini, dola 180,000, riba kwa mwaka, dola 10,800, Thrimston Hern, mchonga mawe, dola 600. Karatasi hiyo nimekwisha kuichapa na kuiweka kwenye fremu kwa fedha ya pensheni yangu, na risiti ninayo.

Wenu katika utumishi,

Mhasibu mstaafu

Nakala:
Mwenyekiti wa Baraza la chuo nilichotumikia, pamoja na fremu.
Mwashi wa mfuko wa nailoni, kwa taarifa. Malipo ya wiki mbili za mwisho bado yanafuatiliwa.
Jalada.